Kutibu Kuungua Kidogo Nyumbani kwa Mimea: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Malalamiko ya watu waliojaribu kutumia mshubiri (aloe vera) kutibu kuungua yanafanana mno. Mmoja anasema ule ute ulimwasha hadi akaunawa. Mwingine anasema ngozi ilizidi kuvimba usiku. Wa tatu anasema lengelenge lilipasuka na baada ya siku chache likaanza kutoa usaha. Wote wanaulaumu mmea. Ukiwauliza walifanya nini katika nusu saa ya kwanza, mara nyingi unakuta kwamba jani lilikatwa na kupakwa papo hapo, likiwa bado linatiririsha maji yake ya njano, juu ya ngozi ambayo haikupoozwa kwa maji, na pengine juu ya kidonda kilichokwisha kuwa wazi.

Kwa sababu hiyo, katika mwongozo huu mmea unakuja baada ya maji na baada ya kulikagua jeraha. Maelezo yote yanahusu kuungua kidogo tu: kubabuliwa na mvuke unapofunua majani ya matooke, kurukiwa na tone la mafuta ya chapati, kugusa ukingo wa sigiri, au ule muunguo wa shavu la mguu wa kulia ambao abiria wengi wa bodaboda wanaujua, kwa sababu ya ekzosi.

## Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ajali haijatokea, kwa kuwa mtu aliyeungua hana subira ya kusubiri vitafutwe.

- Maji safi ya baridi ya kawaida, yasiyopungua jerikeni moja ya lita 20, pamoja na jagi na beseni.
- Sabuni isiyo na manukato makali.
- Maji yaliyochemshwa yakapoa, lita moja, katika chombo chenye kifuniko.
- Jani moja nene la mshubiri, ambao Waganda huuita kigagi.
- Kisu kikali, kijiko na bakuli, vyote vikiwa vimeoshwa kwa sabuni na kumwagiwa maji yanayochemka.
- Shashi safi na bandeji. Pamba haifai kugusa jeraha, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye ngozi.
- Jani changa la mgomba, ikiwa shashi peke yake hunata kwenye ngozi yako.
- Vidonge vya parasetamoli.
- Saa au simu ya kupimia muda.

## Hatua ya 1: Pooza kwa maji kwa dakika 20

Mwondoe aliyeungua kwenye moto, kisha uvue mara moja pete, saa, bangili na nguo iliyo juu ya sehemu iliyoungua, kwa sababu uvimbe huanza mapema na pete iliyovaliwa kwa urahisi asubuhi inaweza kukataa kutoka kabla jua halijatua. Nguo iliyoganda kwenye ngozi isivutwe. Iache ilipo, umwage maji juu yake na upange safari ya kituo cha afya.

Mwaga maji ya baridi ya kawaida juu ya jeraha, kwa mfululizo, kwa dakika 20 kamili. Penye bomba, funga kidogo ili maji yatoke kwa utulivu. Pasipo na bomba, jerikeni ya lita 20 inatosha ukimwaga takriban lita moja kwa dakika, polepole, kwa jagi, huku beseni likiwa chini. Ikiwa maji ya nyumba nzima ndiyo hiyo jerikeni moja na ngozi haijachubuka, maji yaliyokusanyika kwenye beseni yanaweza kuchotwa na kumwagwa tena. Kwa kidole kimoja, hata kibuyu chirizi cha kunawia mikono nje ya choo kinatosha, mradi maji yake ni safi na kuna mtu wa kukijaza.

Watu huchoka dakika ya tatu au ya nne, maumivu yanapoanza kupungua, na hapo ndipo wanapoharibu kazi. Joto huendelea kukaa ndani ya ngozi baada ya chanzo chake kuondolewa, na linazidi kuunguza tabaka za chini. Maji yanayopita ndiyo yanayolitoa. Uji na posho (ugali) ni vibaya zaidi katika jambo hili kuliko maji yanayochemka, kwa sababu hunata na kuendelea kuunguza, hivyo visafishwe kwa maji yenyewe badala ya kufutwa kwa kitambaa. Kama hukupata maji mara moja, usikate tamaa: kupooza bado kuna faida ndani ya saa tatu za kwanza.

Tahadhari: usitumie barafu wala maji ya barafu. Hubana mishipa midogo ya damu na kuiumiza ngozi ambayo tayari ina shida. Kwa mtoto mdogo au mzee, mwagia sehemu iliyoungua tu na ufunike mwili uliobaki kwa blanketi, ili asishikwe na baridi.

Utajua umefaulu ukiacha kumwaga maji na maumivu yasirudi kwa ukali ule wa mwanzo ndani ya dakika chache. Yakirudi yakichoma kama awali, endelea kumwaga.

## Hatua ya 2: Kagua jeraha maji yakiendelea kumwagika

Dakika 20 ni nyingi. Zitumie kuamua kama jeraha hili ni la nyumbani au ni la daktari.

Vitabu vingi hueleza kuungua kwa juu juu kwa neno moja, wekundu, na neno hilo limewapotosha watu wengi wenye ngozi nyeusi. Kwenye ngozi yetu wekundu mara nyingi hauonekani. Sehemu iliyoungua huwa nyeusi zaidi, au ya zambarau iliyofifia, au inang'aa isivyo kawaida. Kwa hiyo linganisha na upande wa pili wa mwili, mkono wa kushoto na wa kulia, chini ya mwanga wa mchana. Kisha weka mgongo wa vidole vyako safi kando ya jeraha: uvimbe, joto na maumivu ya kuguswa hueleza zaidi kuliko rangi.

Kuungua kwa juu juu huuma, ngozi ni kavu na nzima, na hakuna malengelenge. Kuungua kwa kina cha kati huleta malengelenge au ngozi yenye majimaji, nako huuma sana. Kuungua kwa kina kirefu huacha ngozi nyeupe, ya kahawia au iliyokauka na kuwa ngumu, na hapo pana hatari inayodanganya, kwa kuwa huenda pasiume kabisa: mishipa ya fahamu imeungua pia. Kutoumia kwa jeraha linaloonekana baya ni sababu ya kukimbilia hospitali.

Mwongozo huu unafaa kwa aina ya kwanza, na kwa lengelenge dogo moja au mawili ambayo hayajapasuka. Funika jeraha na uende kituo cha afya ikiwa lolote kati ya haya lipo:

- Jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake. Eneo hilo ni karibu asilimia 1 ya ngozi ya mwili, na kipimo ni kiganja cha aliyeungua, hivyo cha mtoto ni kidogo.
- Limo usoni, shingoni, sehemu za siri, au limezunguka kidole, mkono au mguu wote.
- Lina malengelenge na limo kwenye kiganja, wayo au kiungo kama goti na kiwiko. Ncha ya kidole iliyogusa sufuria ni jambo la nyumbani. Kiganja kizima kilichojaa malengelenge si la nyumbani.
- Chanzo ni umeme, asidi ya betri, dawa za kusafishia au kemikali nyingine.
- Aliyeungua alivuta moshi, anakohoa au sauti imebadilika.
- Ni mtoto wa chini ya miaka 5, mzee, mjamzito, au mtu mwenye kisukari au kinga dhaifu.

Ukiwa kijijini, anza na mhudumu wa afya wa kijiji, yule anayejulikana kwa jina la VHT, akuelekeze kituo kilicho karibu chenye uwezo; majeraha makubwa hupelekwa hospitali za rufaa za mikoa, na Kampala ipo hospitali ya Kiruddu yenye kitengo cha majeraha ya moto. Njiani, kavera (mfuko wa plastiki) jipya ambalo halijabeba kitu, likilazwa juu ya jeraha bila kukazwa, huzuia vumbi la barabarani na halinati. Usipake kitu chochote kabla ya kwenda, hata mshubiri, kwa sababu daktari atalazimika kukikwangua ili aone kina cha jeraha.

## Hatua ya 3: Safisha na ukaushe

Nawa mikono yako kwanza, kwa sabuni, hadi kwenye viwiko. Osha sehemu iliyoungua kwa sabuni kidogo na maji yaliyochemshwa yakapoa, ukipitisha kiganja bila kusugua, kisha suuza. Kausha kwa kugusagusa kwa shashi au kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi.

Lengelenge liachwe kama lilivyo. Ngozi yake ni kifuniko bora kuliko chochote utakachokata shambani, na majimaji yaliyomo si sumu ya kutolewa, ingawa wapo mama wakwe watakaokuletea sindano.

Ikiwa maumivu bado yanasumbua, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli ya miligramu 500, kidonge 1 au 2, na kurudia baada ya saa 6, bila kuzidi vidonge 8 kwa siku. Mtoto apewe kipimo kinacholingana na uzito wake kama kilivyoandikwa kwenye chupa.

## Hatua ya 4: Andaa mshubiri

Sehemu hii isomwe polepole, kwa kuwa malalamiko mengi niliyoyataja mwanzoni huzaliwa hapa.

Kwanza hakikisha una mmea sahihi. Uganda ina mishubiri ya porini ya aina nyingi, hasa sehemu kavu kama Karamoja, na mingi ina ute mchache na maji machungu mengi. Ule unaofaa ni mshubiri wa bustanini wenye majani manene ya kijani kibichi chenye weupe kidogo, yanayotoka chini bila shina linaloonekana, na ukikomaa hutoa maua ya njano. Vunja kipande cha ncha uangalie ndani. Ukiona nyuzi ndefu zinazovutika, umekata mkonge, na maji ya mkonge huwasha ngozi. Ukiona maziwa meupe, umekata mmea wa jamii ya mtupa, ambao maziwa yake huunguza ngozi na ni hatari zaidi machoni. Tupa na unawe. Mshubiri wa kweli una kiini kinene kinachong'aa kama kioo kilicholowa, kisicho na nyuzi.

Chagua jani la nje, la chini kabisa, lililojaa na lisilo na madoa yaliyooza. Majani ya katikati ni machanga na ute wake ni mwepesi. Likate karibu na shina kwa kisu safi.

Sasa lisimamishe ndani ya kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika 15. Utaona maji ya njano yenye harufu kali yakichuruzika, mara nyingine kijiko cha chai kizima. Hayo hutoka kwenye mirija iliyo chini tu ya ganda la kijani, na ndani yake mna kemikali iitwayo aloini, ambayo huwasha ngozi na ikimezwa huharisha. Ndiyo iliyomuunguza yule aliyelalamika kwamba mmea ulimwasha. Ute ulio katikati hauna kosa, umechafuliwa njiani.

Maji ya njano yakikoma, osha jani lote kwa sabuni na maji, ulaze juu ya ubao safi na uendelee hivi:

1. Kata sentimita mbili za upande wa shina uzitupe, kwa kuwa ndiko maji ya njano yalikojikusanya.
2. Kata kingo zote mbili zenye miiba, kwa urefu wa jani.
3. Pitisha kisu chini ya ganda la upande bapa, ukikata nene kidogo. Uchoyo wa kutaka kila chembe ya ute ndio unaoacha utando wa njano juu yake.
4. Kwangua kiini kwa kijiko au ukikate vipande, ukiacha milimita chache karibu na ganda la chini.
5. Suuza vipande kwa maji yaliyochemshwa yakapoa hadi utelezi wa juu upungue.

Kujaribu kama umesafisha vya kutosha, kandamiza kipande kimoja kwenye kitambaa cheupe na usubiri dakika chache. Doa la njano au la kahawia lina maana kwamba maji machungu bado yapo, na vipande visuuzwe tena. Kitambaa kikilowa bila rangi, ute uko tayari. Uponde kwa kijiko. Blenda si lazima. Nyumba nyingi hukwama kwa kudhani kwamba ni lazima.

Ute mbichi ni maji kwa karibu asilimia 99, na sehemu ndogo iliyobaki, sukari ndefu zinazoufanya uwe mzito, huanza kuvunjika mara jani linapofunguliwa. Kwenye friji hukaa siku moja, mbili zikizidi sana. Bila friji, tengeneza kidogo, tumia, na utupe uliobaki. Jani zima ambalo halijamenywa hudumu zaidi, kwa hiyo ni afadhali ukate kipande kipya kila siku kuliko kuweka bakuli la ute dirishani.

## Hatua ya 5: Jaribu, kisha paka

Paka tone kwenye ngozi nzima ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, usubiri nusu saa. Anayewashwa, kuvimba au kutokwa na vipele aache mshubiri kabisa, na watu ambao vitunguu huwaletea mzio wasiharakishe jaribio hili. Wakati wa kusubiri, jeraha lifunikwe kwa shashi iliyoloweshwa maji safi.

Jaribio likipita salama, paka tabaka jembamba juu ya ngozi iliyoungua ambayo ni nzima. Mara mbili au tatu kwa siku zinatosha. Ute hupoza, huzuia ngozi isikauke na kupasuka, na yapo majaribio ya kitabibu yaliyoonyesha kwamba majeraha ya moto ya juu juu na ya kina cha kati hupona mapema kidogo yakitunzwa kwa maandalizi ya mshubiri. Hata hivyo maandalizi ya hospitali huwa yameuliwa vijidudu, na bakuli lako la jikoni halijauliwa. Ndiyo maana sharti la ngozi nzima halina msamaha: lengelenge likipasuka, mshubiri wa nyumbani unakoma hapo hapo, panaoshwa, panafunikwa kwa shashi safi, na mgonjwa anakwenda kituo cha afya. Akiwa huko aulizwe pia kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu kidonda cha moto kilicho wazi ni mojawapo ya njia za ugonjwa huo kuingia.

Ukifaulu, ngozi itahisi ubaridi kwa dakika kadhaa, kisha itakauka na kuacha utando mwembamba unaovuta kidogo bila kuuma. Kuchoma kunakozidi baada ya dakika tano kunamaanisha uoshe mara moja.

## Hatua ya 6: Funika

Muunguo mdogo wa mkononi ambao hausuguliwi na nguo unaweza kuachwa wazi. Ule wa mguuni, wa chini ya ukosi au wa mahali penye vumbi ufunikwe kwa shashi na bandeji isiyobana. Kidole safi kipite kati ya bandeji na ngozi bila kulazimishwa.

Tatizo la shashi kavu ni kunata. Hapa ndipo mgomba unapofaa, na jambo hili si la kubuni: mwaka 2003 madaktari wa upasuaji nchini India walichapisha matokeo ya kufunika majeraha ya moto kwa majani ya mgomba yaliyosafishwa kwa mvuke, wakaona kwamba hayanati na kwamba kuyabadilisha hakumuumizi mgonjwa. Mpishi wa matooke anajua tayari jinsi jani hili linavyolainika likipata mvuke.

Chagua jani changa lililokwisha kufunguka, lisilopasuliwa na upepo. Lioshe pande zote kwa sabuni, toa uti wa katikati, ukate kipande kinachozidi jeraha kwa sentimita mbili kila upande. Kichemshe ndani ya maji kwa dakika 15 katika sufuria iliyofunikwa, ukiache kipoe humo humo bila kufunua, kisha ukitoe kwa uma au koleo lililochemshwa pamoja nacho. Kilaze juu ya ngozi upande ulio laini zaidi ukiwa chini, weka shashi juu yake, funga bandeji. Kuchemsha nyumbani hakufikii mitambo ya hospitali, hivyo sharti la ngozi nzima linabaki.

## Hatua ya 7: Badilisha na uangalie

Badilisha kifuniko kila siku, na mapema zaidi kikilowa au kuchafuka. Kila mara uanze na kunawa mikono. Shashi ikiwa imenata, ilowanishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na usubiri iachie yenyewe.

Katika kuungua kwa juu juu, maumivu hupungua ndani ya siku mbili au tatu, na kwa kawaida ngozi hubambuka na kupona ndani ya wiki moja. Palipokuwa na lengelenge hupona ndani ya wiki mbili au tatu. Jeraha ambalo halijafunga baada ya wiki mbili lionwe na daktari, hata kama haliumi, kwa sababu yanayochelewa ndiyo yanayoacha makovu yanayovuta ngozi.

Dalili za kuacha matibabu ya nyumbani siku hiyo hiyo ni hizi: maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili, uvimbe na joto vinavyotambaa nje ya mpaka wa jeraha, usaha, harufu mbaya, homa, au mstari mweusi au mwekundu unaopanda kutoka kwenye jeraha. Ili usibishane na macho yako kuhusu kutambaa huko, chora kwa kalamu mpaka wa uvimbe kwenye ngozi nzima, ukaangalie kesho kama umevukwa.

## Hatua ya 8: Tunza ngozi mpya

Ngozi iliyofunga huwa kavu, huwasha, na kwetu mara nyingi huwa na rangi iliyofifia. Rangi hurudi taratibu, kwa wiki au miezi, na krimu za kung'arisha au kusawazisha ngozi zikae mbali nayo.

Sasa mafuta yanaruhusiwa. La kwanza ningelichagua ni la mti wa shea wa kaskazini, ambalo Waacholi huliita moo yaa na ambalo hupatikana kwa urahisi masoko ya Gulu na Lira. Shea ya ukanda wetu ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na huyeyuka kwa joto la kidole, hivyo haihitaji kusuguliwa kwa nguvu juu ya ngozi changa. Paka kidogo mara mbili kwa siku, ukikandakanda polepole. Mafuta ya nazi au ya simsim safi nayo yanafaa. Funika sehemu hiyo kwa nguo ukiwa juani. Ngozi mpya huungua jua upesi na hubaki na doa.

## Dawa za kuachwa

Baadhi ya hizi zina sifa nzuri katika magonjwa mengine, na ndiyo sababu watu huzishikilia.

Majani yaliyotwangwa, kama mululuza, sere au lolote lililochumwa njiani, hubeba udongo na vijidudu moja kwa moja hadi kwenye ngozi dhaifu. Viazi vibichi na vitunguu vivyo hivyo. Papai lina historia ya kweli: hospitali moja nchini Gambia iliripoti mwaka 1999 matumizi ya nyama ya papai iliyopondwa kwa watoto wenye majeraha ya moto, kwa kuwa vimeng'enya vyake husaidia kuondoa nyama iliyokufa. Lakini hayo yalikuwa majeraha makubwa yaliyosafishwa kila siku na wauguzi. Kwenye kuungua kidogo hakuna nyama iliyokufa ya kuondolewa, na utomvu wa papai bichi huunguza ngozi nzima.

Dawa ya meno, majarini, samli, yai bichi, unga, chumvi, majivu, kinyesi cha ng'ombe, mkojo, mafuta ya taa na manyoya ya sungura viachwe vyote. Vyenye mafuta hufungia joto ndani, na vilivyobaki huleta uchafu na kuficha kina cha jeraha.

Asali inastahili maneno zaidi. Ushahidi wake ni wa nguvu kuliko wa mimea mingi, kwani ina maji machache, ina uchachu, na hutengeneza kiasi kidogo cha haidrojeni peroksaidi inayoua vijidudu. Asali inayotumika hospitalini, hata hivyo, imepitishwa kwenye mionzi ili kuua mbegu za bakteria, na ile ya chupa ya barabarani inaweza kuwa na vumbi, nta, na sukari iliyoongezwa. Isiwekwe kwenye kidonda kilicho wazi nyumbani, na isimkaribie kabisa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Kwenye ngozi nzima haina madhara makubwa, isipokuwa kuvuta sisimizi.

## Kuotesha mshubiri karibu na jiko

Omba chipukizi kutoka kwa jirani mwenye mmea ulio sahihi, lenye urefu wa kiganja na mizizi yake. Liache kivulini siku mbili jeraha la mzizi likauke, kisha lipande kwenye debe lililotobolewa chini, lenye udongo uliochanganywa na mchanga kwa kiasi sawa. Mwagilia pale tu udongo unapokuwa mkavu hadi kifundo cha kwanza cha kidole. Misimu ya mvua huua mishubiri mingi kuliko ukame, hivyo debe liwekwe chini ya ukingo wa paa bila kupigwa na michirizi. Majani yasikatwe kabla mmea haujawa na kumi au zaidi, na kila safari ukate jani moja la chini, uache lile la juu yake linenepe.